Mama alikimbia chemo, tukadhani ni dawa imemshinda. Kumbe ilikuwa ni kuwekwa cannula

Wakuu, amani iwe kwenu wote.

Mimi humu ni msomaji tu. Naingia, nacheka na comments, natoka. Lakini juzi kuna jamaa aliuliza kwenye uzi mwingine kama ni kawaida mtu mzima kuogopa sindano. Watu walimcheka mpaka akafuta swali lake.

Nilikosa raha siku hiyo yote. Mimi pia niliwahi kucheka hivyo, na niliyemcheka ni mama yangu mzazi.

Sasa nieleze jinsi ilivyokuwa. Sina sababu ya kuongeza kitu wala kuficha, na mahali nilipokosea nitasema wazi kwamba nilikosea.

Niko Kisumu, Kondele. Kazi yangu ni kutengeneza friji na freezer. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa samaki, na hao freezer ikizima hawana subira, simu inalia mpaka unaiogopa. Nina mke, Akinyi, na watoto wawili.

Mama anaishi Asembo Bay, kando ya ziwa. Anakaanga samaki na kuuza pale karibu na mahali mashua zinashusha samaki. Kule wanamwita Min Ouma, yaani mama yake Ouma, na Ouma ndio mimi.

Kama hujawahi kuona mtu wa kukaanga samaki kwa miaka mingi, angalia mikono yake. Ya Mama ina madoadoa mpaka kwenye kiwiko, mafuta ya moto yamerukia hapo tangu mimi nikiwa mtoto. Mafuta yakimrukia anapangusa na leso, anaendelea na story. Hata hafungi jicho.

Kwa hivyo sisi wote tulikua tukijua kwamba Mama hasikii uchungu. Ilikuwa kama kitu kinachojulikana tu nyumbani, kama vile mtu ni mrefu ama mfupi. Wacha niseme mapema kwamba huo ulikuwa ujinga.

Alipatikana na saratani ya titi, upande wa kushoto. Akafanyiwa operesheni Kisumu, ikaenda vizuri, wakatoa pia tezi za kwapani. Baada ya hapo daktari akasema chemo, mara sita, kila baada ya wiki tatu. Wao wanaita cycles.

Na akatoa onyo moja. Ule mkono wa kushoto usidungwe tena, kwa sababu ya zile tezi zilizotolewa. Kila kitu kipitie mkono wa kulia.

Sikuelewa uzito wa hiyo sentensi. Nilidhani mkono mmoja unatosha, si mishipa iko mingi?

Kwa wale hawajui, chemo nyingi hupitia kwa cannula. Ni ule mrija mdogo wa plastiki unaowekwa ndani ya mshipa kwa kutumia sindano, halafu sindano inatolewa, mrija unabaki, dawa inapitia hapo. Mnaona watu wakitoka nao hospitali umefungwa na plasta nyuma ya kiganja.

Sasa Mama mishipa yake imejificha. Na ile dawa yenyewe inachosha mishipa, unaweza kutumia mmoja leo, wiki tatu baadaye unapata umekuwa mgumu kama waya. Hii nilikuja kuambiwa baadaye.

Cycle ya kwanza alidungwa mara mbili. Hakusema kitu.

Cycle ya pili sikuwa chumbani. Nilikuwa nje kwa korido nikiongea na mteja ambaye freezer yake ilikuwa inavuja gesi. Niliongea muda mrefu. Niliporudi ndani nikapata Mama tayari amewekewa, dawa inatiririka, amefunga macho. Nikamuuliza, "Iko sawa?" Akasema, "Iko sawa, Baba."

Mama huniita Baba. Nimepewa jina la baba yake.

Nikakaa chini nikafungua simu.

Siku ya cycle ya tatu ilikuwa Jumanne. Kawaida Mama hufika kwangu Jumatatu, analala kwetu, asubuhi tunaenda pamoja. Hiyo Jumatatu akapiga simu akasema daktari amesogeza mbele, wameambiwa wapumzike wiki mbili, mashine imeharibika. Nikasema sawa, pumzika.

Jumatano asubuhi nikapigiwa na clinic. Namba yangu ndiyo iko kwa file yake.

"Mama yako hakufika jana. Yuko salama?"

Nikauliza, "Si mlisema mashine imeharibika?"

Yule wa simu akaangalia file. Akasema, "Hapana. Jana tulikuwa tunamngojea."

Wakuu, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friji ya mtu. Nilikusanya spana zangu, nikamwambia mwenye friji nitarudi, nikaenda Asembo hivyo hivyo na ovaroli.

Nilimkuta kwenye karai lake, moshi umemfunika, kitambaa kichwani kwa sababu nywele zilikuwa zimeanza kutoka. Aliponiona hakushtuka. Akauliza kama nimekuja kula samaki.

Nikamwambia, "Mama, unataka kufa?"

Nilisema kwa sauti, mbele ya wateja. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo.

Aligeukia karai. Alitoa samaki mmoja wa ngege, yaani tilapia, akaweka kwa sahani na chumvi, akanipa. Akamwambia jirani yake amwangalilie karai. Tukaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya kibanda.

Nikaanza kumhubiria. Nikamwambia ninajua dawa ni kali, najua kutapika, najua nywele, lakini watu wanavumilia na wanapona. Nikataja mpaka wajukuu. Aliniacha nimalize yote.

Halafu akasema kwa Dholuo, polepole, akiangalia chini, "Si dawa. Dawa naweza. Ni ile sindano ya kutafuta mshipa."

Nikacheka.

Sijui ilitoka wapi. Nafikiri nilikuwa nimejiandaa kusikia kitu kikubwa, labda amekata tamaa, labda ameenda kwa mtu wa mitishamba, halafu nikasikia sindano. Ilikuwa kicheko kifupi tu cha mtu aliyeshusha pumzi. Lakini yeye alisikia kicheko.

Akasema, "Basi cheka. Ndiyo sababu sikutaka kusema."

Akainuka kurudi kwa karai. Nikamshika mkono, ule wa kulia, ili nimzuie. Akaruka.

Mama yangu, ambaye mafuta ya moto hayamshtui, aliruka kwa sababu nimemgusa mkono.

Nikaomba nione. Alikataa kwanza, kisha akavuta mkono wa sweta juu. Wakuu, ule mkono ulikuwa na alama za bluu zilizoanza kugeuka njano, kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Mshipa mmoja ulikuwa umesimama mgumu, ukiugusa ni kama waya chini ya ngozi.

Ndipo akanieleza cycle ya pili, ile ambayo mimi nilikuwa korido na habari za gesi.

Alidungwa mara tano. Ya tano ilikuwa pale ndani ya kifundo cha mkono. Aliyekuwa anadunga hakuwa mtu mbaya, alikuwa mchanga kazini na yeye mwenyewe anaogopa, akasema, "Mama tulia, wewe ni mtu mzima." Na Mama akatulia. Hakusogea hata kidogo. Alipoachiliwa akaomba kwenda choo, akatapika huko kabla hata hajapewa hiyo dawa ya kutapisha.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nikinusa spiriti tumbo linageuka. Nikikumbuka ule mpira wanafunga hapa juu, moyo unatoka mahali pake. Siku tatu kabla ya kuenda silali. Nimezaa watoto sita, Baba. Nitaanzaje kuambia watu naogopa sindano?"

Nikaweka ile sahani ya samaki kando kwenye benchi.

Nilimwambia tu, "Twende tuongee na wao. Kuongea tu. Hakuna mtu atakugusa mkono. Ukisema turudi, tunarudi."

Akaniangalia sana. "Hakuna sindano?"

"Hakuna."

"Apa."

Nikaapa.

Tulienda Ijumaa, siku ambayo si ya kudunga watu, kwa hivyo clinic ilikuwa tulivu. Tukapelekwa kwa nurse mmoja ambaye hatukuwa tumewahi kukutana naye. Nitamwita Sister Wanjiru, si jina lake halisi. Ni mwanamke wa miaka kama hamsini, mnene, anatembea polepole. Wazazi wake walitoka upande wa Murang'a wakaja kufanya biashara ya nguo hapa Kisumu, yeye amezaliwa hapa hapa. Dholuo yake ni safi kuliko ya watoto wangu, na hapo siongezi chumvi.

Alimsalimia Mama kwa Dholuo, akavuta kiti, akakaa chini kabisa kuliko Mama. Mimi nikaanza kueleza.

Akanikatiza kwa heshima. "Bwana, ngoja kwanza. Nataka kusikia kwake."

Nikanyamaza. Mama naye akanyamaza. Dakika ikapita. Sister Wanjiru hakumharakisha, hakuangalia saa wala hakushika simu. Alikaa tu, mikono imekunjwa juu ya aproni.

Mwishowe Mama akasema. Yote. Tano, kifundo, choo, spiriti, kukosa usingizi, uongo wa mashine. Aliposema uongo wa mashine aliniangalia mimi kama anayeomba msamaha.

Sister hakucheka wala hakusema "jikaze". Akauliza swali moja tu.

"Mama, mtu akikatwa na panga akaletwa hapa kushonwa, anadungwa nini kwanza?"

Mama akasema, "Ganzi."

"Na ukienda kung'olewa jino?"

"Ganzi."

"Basi hata hii ya kuweka cannula tunaweza kuanza na ganzi."

Mama akafikiria. Halafu akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo mdomoni. "Hiyo ganzi si pia ni sindano?"

Sister akatabasamu. "Ni sindano. Siwezi kukudanganya. Lakini ni nyembamba, ile ya watu wa sukari. Naweka tone dogo chini ya ngozi tu, siingii kwa mshipa. Itakuchoma kama siafu, hesabu mpaka kumi. Halafu tunangoja kama dakika moja, ngozi inalala. Ile kubwa ikipita utasikia tu mtu anakusukuma."

"Hutasikia ikiingia?"

"Utasikia mkono wangu. Uchungu ule, hapana. Na ukiusikia, unaniambia nasimama."

Akasema kuna pia krimu ya ganzi, unapakwa, unafunikwa na plastiki, unangoja kama saa nzima. Ni nzuri sana hasa kwa watoto, lakini pale kwao haikuwepo wakati huo.

Mama akauliza, "Na hii nyingine ya sindano iko wapi? Tutanunua Nairobi?"

Sister akainuka, akavuta droo ya ile meza yenye magurudumu wanayoweka vifaa, akatoa kichupa kidogo cha glasi. Akakiweka kwenye kiganja cha Mama. Lignocaine, ganzi yenyewe.

"Iko hapa," akasema.

Mama akakigeuza geuza. Hajui kusoma Kiingereza vizuri lakini alikiangalia kama anakisoma.

"Imekuwa hapa tangu lini?"

Wakuu, hilo swali lilinikata. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Sister Wanjiru angeweza kusema mambo mengi. Angesema wagonjwa ni wengi, angesema si utaratibu, angesema wengine wanaona ni kumdunga mtu mara mbili bure. Yote hayo ni kweli, na alikuja kuniambia baadaye. Lakini kwa Mama alisema hivi tu:

"Tangu siku yako ya kwanza, Mama. Ilikuwa hapa. Pole sana."

Kisha akamshika mkono. Ule wa kulia. Na Mama hakuruka.

Alimuuliza kama amewahi kupata shida na ganzi. Mama alishawahi kung'olewa gego huko Bondo, haikumsumbua. Akauliza habari za moyo, za dawa anazomeza. Akaenda kuita daktari, daktari akaandika kwa file kwamba huyu mgonjwa apewe ganzi kila akiwekwa cannula. Kumbukeni hiyo sehemu ya kuandikwa, kwa mtu mwenye mgonjwa ni muhimu.

Tukarudi nyumbani bila sindano, kama nilivyoapa.

Jumanne iliyofuata Mama alikuja. Nilimwona Akinyi akimmiminia chai na yeye hainywi, anazungusha kikombe tu. Lakini alikuja.

Sister Wanjiru aliweka mkono wake kwenye beseni ya maji ya uvuguvugu kwanza, ati mishipa ifunguke. Akaacha pale wakati anaandaa vitu vyake. Kitambaa cha spiriti alikifungua mbali na pua ya Mama. Mambo madogo kama hayo.

Halafu akaniambia, "Wewe kazi yako ni kuongea naye. Asiangalie huku."

Niongee nini?  Nikaanza kumwelezea habari ya freezer moja ya Dunga, kando ya ziwa, ambayo mwenyewe alisema inalia kama mtu. Nimefungua nyuma nikapata chura amejibana kwenye feni, mzima kabisa, ananiangalia kama mimi ndiye nimeingia kwake.

Mama akaanza kucheka. "Na ulimfanya nini?"

Nikamwambia nilimbeba kwa kikopo nikampeleka ziwani, mwenye freezer akanifuata nyuma akilalamika kwamba nimepoteza muda wake.

Hapo Mama akavuta pumzi ghafla, akafinya mkono wangu. Ilikuwa ile ya ganzi. Sister akahesabu naye kwa Dholuo, achiel, ariyo, adek. Kufika saba vidole vya Mama vikalegea.

Tukangoja. Mama akauliza mwenye freezer alilipa vipi. Nikamwambia alisema nimpunguzie. Akacheka tena. Baada ya muda akageuka kidogo na kusema, "Sister, anza basi. Nimekaa tayari."

Sister akasema, "Mama, nimemaliza. Angalia."

Akaangalia. Cannula ilikuwa imekaa, plasta juu, damu hata tone hakuna.

Sikumwona Mama akilia tulipomzika baba. Alipika, akahudumia wageni, akahesabu sahani zikarudi zote. Hakulia alipoambiwa saratani. Hakulia baada ya operesheni. Siku hiyo alilia, na mkono wa kushoto mdomoni asisikike na wagonjwa wengine.

Sister akashtuka. "Inauma?"

Mama akatikisa kichwa. "Sikujua inaweza kuwa hivi," akasema. "Sikujua."

Sister akamfuta machozi na karatasi ya kukaushia mikono. Na yeye pia macho yalikuwa yamelowa, aliinama akajifanya anarekebisha dripu.

Mchana tulipotoka tulisimama kunywa uji, maana ndicho kitu pekee angeweza kumeza. Nikamwomba msamaha kwa kile kicheko. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Akanikata.

"Uliogopa," akasema. "Ukaona heri iwe kitu kidogo. Kunywa uji."

Sasa msidhani baada ya hapo mambo yote yalinyooka.

Cycle ya nne mshipa ulikimbia. Sister alikosa mara ya kwanza, ikabidi aanze upya mahali pengine, ganzi tena, kungoja tena. Ganzi haizuii mtu kukosa mshipa, hilo mjue. Lakini Mama alikaa. Alisema, "Jaribu pole pole, niko." Usiku wa kabla yake alikuwa amelala, Akinyi aliniambia alimsikia akikoroma.

Cycle ya tano Sister Wanjiru alikuwa leave.

Tukapata nurse mwingine, kijana mwanamke mwenye haraka zake. Sina ubaya naye, foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mama alipotaja ganzi, yule akasema, "Mama, hiyo ni kupoteza wakati. Hii ni sindano moja tu, jikaze kidogo."

Mimi damu ikapanda. Nikafungua mdomo. Mama akaweka mkono kwa goti langu.

Kiswahili cha Mama si kingi. Lakini hivi ndivyo alivyosema, nakumbuka neno kwa neno:

"Sister, mimi najua uko na kazi mingi. Lakini hiyo dakika moja yako, kwangu ni wiki tatu. Nikitoka hapa na uchungu, nitaogopa wiki tatu, na labda sitarudi. Daktari aliandika. Angalia hapo kwa file."

Hakupaza sauti. Hata aliongeza "tafadhali".

Yule nurse akafungua file. Akasoma. Kisha akaenda kuleta kichupa. Alifanya kazi yake vizuri, mshipa ukapatikana mara moja. Alipomaliza akauliza, kwa sauti tofauti kabisa, "Kweli hujasikia?"

Mama akasema, "Kweli. Ero kamano, nyathina." Asante, mwanangu.

Mimi nilikaa pale nikiangalia huyu mama. Yule aliyedungwa mara tano bila kusogea, tungemsifu kwamba ana nguvu. Lakini kwangu mimi huyu wa cycle ya tano, anayesema naogopa na naomba msaada, ndiye mwenye nguvu zaidi. Sijui kama naeleweka.

Cycle ya sita alimaliza. Sister Wanjiru alikuwa amerudi. Walikumbatiana mpaka nikaona aibu kusimama pale.

Leo anameza tembe na anaenda kuangaliwa kila baada ya muda. Daktari anasema hadi sasa anaridhika. Siwezi kuwaambia amepona, hata wao hawajatumia hilo neno, lakini nywele zimerudi, zimetoka laini kama za mtoto, na anakaanga samaki siku tatu kwa wiki badala ya sita.

Mwezi uliopita nilimpigia asubuhi, nikasikia kelele za watu na majina yakiitwa. Nikauliza yuko wapi. Akasema yuko hospitali na jirani yake ambaye alikuwa anahitaji kuongezwa damu na amekataa kutoka nyumbani wiki mbili.

Nikauliza amekataa kwa nini.

Mama akasema, "Watu walikuwa wanamuuliza kama ameshikwa na mapepo. Mimi nilimuuliza tu, ni sindano? Akalia. Sasa ngoja nikate simu, ninaongea na sister hapa kuhusu ganzi."

Akakata.

Hiyo ndiyo habari yangu. Mimi nilichojifunza ni kwamba mgonjwa akikimbia matibabu, usianze na mahubiri. Muulize ni kitu gani hasa kinamtesa, kisha unyamaze mpaka ajibu. Inaweza kuwa kitu ambacho dawa yake iko kwa droo hapo hapo. Na omba. Uliza kama inawezekana kupewa ganzi kabla ya cannula, sema kama ganzi imewahi kukudhuru, omba daktari aandike kwa file. Wanaweza kusema haiwezekani kwa sababu zao, labda ni emergency, labda hawana. Lakini uliza.

Na wewe jamaa uliyefuta swali lako juzi, kama unasoma hapa: swali lako lilikuwa zuri. Lirudishe.

Manesi na madaktari mlio humu, mnirekebishe pale nilipoeleza vibaya, mimi ni fundi wa friji tu. Pia mtuambie, huko mnakofanya kazi mnatumia ganzi kwa cannula ama bado? Kama hapana, nini kinazuia?

Na sisi wengine, wenye mzazi au mtoto anayedungwa kila mara: ulishawahi kumuuliza iliuma wapi, ukangoja akujibu? Mimi ilinichukua cycle mbili nzima na safari ya Asembo na ovaroli. Wewe andika ya kwako hapa chini. Hakuna atakayechekwa kwenye huu uzi, nitakaa hapa mwenyewe nikiangalia.